Diski ya Uchunguzi Ikigoma, Tazama Kwanza Imekwamia Wapi

Mteja anapoleta kompyuta Kariakoo akiuliza kama kilichoharibika ni RAM (kumbukumbu ya muda) au ni hadi diski (hard disk, panapokaa faili zake), njia ya uhakika ya kumjibu ni kuiwasha mashine yake kwa diski ya uchunguzi, yaani CD, DVD au flashi yenye mfumo wake wenyewe, ili Windows iliyomo isiingilie kipimo. Diski ikikubali, kazi huwa nyepesi. Ikigoma, mafundi wengi hubadilisha mambo matatu au manne kwa pamoja: huchoma diski nyingine, hugusa mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine), huchomoa RAM na kuirudisha, mashine ikiwaka hawajui kilichoiponya, na isipowaka hawajui wamefika wapi. Katika miaka yangu ya ufundi nimejizoeza kutogusa chochote mpaka nijue diski imekwamia wapi, kwa sababu kila hatua ya kuwaka ina magonjwa yake, na dawa ya hatua moja haisaidii hatua nyingine.

Kabla hata ya hapo, ijaribu diski hiyo kwenye mashine nyingine ambayo una hakika ni nzima. Ikigoma huko pia, mwache mgonjwa wa mteja apumzike, ushughulikie diski.

Tuanze na hatua ya kwanza, ya mashine isiyoigusa diski kabisa, ambayo hupita moja kwa moja hadi Windows au huandika "No bootable device". Sababu ninayokutana nayo zaidi ni ya uchomaji. Mtu amepakua faili la ISO, yaani taswira ya diski nzima ndani ya faili moja, akalinakili kwenye CD kama anavyonakili wimbo, akaamini amemaliza. Ukiifungua CD hiyo ukaona faili moja tu lenye mwisho wa .iso, hiyo si diski ya kuwashia. Utaratibu wa El Torito, uliotolewa na Phoenix pamoja na IBM mwaka 1995, unaitaka BIOS itafute rekodi maalumu ya kuwashia katika sekta ya 17 ya CD, na rekodi hiyo huwekwa pale tu ISO inapochomwa kama taswira ya diski nzima. Windows 7 na zilizofuata zina uwezo huo ndani yake: bofya faili la ISO kwa kitufe cha kulia kisha uchague "Burn disc image". Kwa flashi, programu ya Rufus hufanya kazi hiyo vizuri.

Uchomaji ukiwa sawa, tazama namna unavyoichagua diski. Usitegemee mpangilio wa kudumu wa BIOS; tumia menyu ya muda inayotokea kwa kubonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwenye HP. Katika Acer nyingi F12 haifanyi kazi mpaka uiruhusu kwanza ndani ya BIOS, jambo linalowachosha watu bure. Zingatia pia kwamba tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida mara nyingi hakuizimi kabisa, hivyo chagua "Restart" badala ya "Shut down", kisha ubonyeze kitufe cha menyu mara tu nembo ya kampuni inapotokea. Diski zilizojengwa juu ya Windows nazo huuliza "Press any key to boot from CD or DVD" na kusubiri sekunde chache tu. Aliyekuwa akimpokea mteja mwingine mlangoni huikosa na kudhani diski ni mbovu.

Ikiwa diski haionekani hata kwenye menyu hiyo, karibu kila mara mgogoro ni kati ya BIOS ya zamani na UEFI, mrithi wake kwenye mashine mpya. Mashine ya UEFI haitosheki na rekodi ya kuwashia iliyotengenezwa kwa ajili ya BIOS. Hutafuta faili liitwalo BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT. Diski ya zamani, mfano Hiren's BootCD 15.2 ya mwaka 2012 ambayo bado inazunguka sana hapa mjini, haina faili hilo, kwa hiyo kwa mashine mpya ni kama haipo. Zamani tuliokolewa na kipengele cha CSM, kinachoifanya UEFI iigize BIOS, lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kukiondoa ifikapo 2020, na kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hazinacho tena. Kwa upande wa pili, MemTest86 za sasa, ambazo ni programu za kupima RAM, zinataka UEFI pekee, kwa hiyo kompyuta ya mezani ya mwaka 2008 iliyokuja na shehena ya mtumba itazikataa. Kwa kuwa maduka yetu hupokea mashine za umri wote, mimi hupendelea Memtest86+ kuanzia toleo la 6, ambalo huwaka kwa njia zote mbili.

Kisha kuna Secure Boot, ulinzi ulioenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012, ambao hukataa kuwasha programu yoyote isiyokuwa na sahihi ya kidijitali inayotambuliwa na mashine. Alama yake ni ujumbe wenye maneno "Security Violation" au unaofanana nao. Mafundi wengi huuzima papo hapo bila kufikiri, na hapa nataka niseme kwa mkazo: usiuzime kabla ya kujua kama hadi diski ya mteja imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa ufunguo. Ukibadilisha mpangilio huo, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 itakapowashwa tena, na asiye na ufunguo huo haoni faili lake hata moja. Kompyuta nyingi mpya hujifunga zenyewe mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua, na ufunguo hukaa katika akaunti hiyo. Sasa fikiria akaunti iliyofunguliwa dukani siku ya kununua, kwa barua pepe ambayo mteja hajawahi kuitumia tena. Mwombe kwanza aingie humo na kuunakili ufunguo, au usitishe BitLocker kutoka ndani ya Windows ikiwa bado inawaka. Mteja akikasirika kwa kucheleweshwa, mwache akasirike.

Hatua ya pili ni pale diski inapoanza kusomwa, menyu au mistari michache ikatokea, kisha kila kitu kikasimama. Hapa tatizo huwa ni usomaji. Faili lililopakuliwa kwa bando likakatika katikati linaweza kuonekana zima kwa jina lakini likawa pungufu. Linganisha alama yake ya SHA-256, yaani msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji, kwa amri ya certutil -hashfile iliyomo ndani ya Windows. Kwa CD na DVD, punguza kasi ya kuchoma na uruhusu programu ihakiki ilichoandika. Ikumbukwe pia kwamba kiendesha diski chenyewe kinachakaa, na vumbi la mitaa yetu pamoja na unyevu wa pwani havikisaidii; lenzi iliyofifia yaweza kusoma CD ya dukani na kuikataa ya kuchoma nyumbani.

Flashi zina balaa lao. Sokoni zipo zilizoandikwa GB 64 ambazo kumbukumbu yake halisi ni sehemu ndogo tu ya hiyo, zikiwa zimepangwa zidanganye kompyuta. Hupokea data bila kulalamika, na kilichozidi uwezo wake hupotea. Flashi ya namna hiyo huonyesha menyu vizuri kwa sababu menyu imo mwanzoni, kisha hufa pale inapotakiwa kusoma faili kubwa lililo mbele. Ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, ukijua kwamba kipimo hicho hudai flashi iwe tupu ili kiijaze yote. Ikifaulu na bado ikakwama, ihamishie kwenye tundu la USB 2.0 lililo moja kwa moja kwenye mashine, pasipo kigawanyio (USB hub).

Hatua ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa mara nyingine kugoma kwenyewe ndiyo majibu ya uchunguzi. Menyu imekuja, mfumo umeanza kupakiwa, halafu skrini ikawa nyeusi au likatokea kosa. Skrini nyeusi kwenye diski za Linux mara nyingi ni ya kadi ya picha, na kuongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia huiondoa. Kosa 0x0000007B kwenye diski zilizojengwa juu ya Windows XP maana yake ni kwamba mfumo huo wa zamani hauijui AHCI, hali mpya ya kuwasiliana na hadi diski; ndani ya BIOS unaweza kuigeuza SATA (njia inayounganisha hadi diski) iwe katika hali ya zamani ya IDE kwa muda, ila bora zaidi ni kutumia diski mpya. Mfumo ukiwaka vizuri lakini usiione SSD ya NVMe (hifadhi ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka), tazama kama mashine ya Intel imewekewa VMD au RAID, mipangilio ya BIOS inayoweza kuificha SSD hiyo, kabla ya kumwambia mteja kuwa SSD yake imekufa.

Ondoa hayo yote, kisha rudia kuiwasha mashine na uangalie mahali inapoangukia. Diski ambayo ni nzima kwingineko, lakini kwa mgonjwa huyu inaanguka kila mara pahali pale pale, huashiria kutopatana kwa programu na vifaa. Ikianguka leo hapa na baadaye kule, shaka yangu huenda kwenye RAM, nami huacha kipande kimoja tu, kisha hukibadilisha na kingine, nikihama tundu kwa tundu. Ikiwa inakawia mno bila kutoa kosa, huchomoa hadi diski ya mteja, kwa kuwa hadi diski inayokufa inaweza kuuzuia mfumo wowote unaojaribu kuisoma. Diski ya uchunguzi ikiwaka upesi baada ya hapo, swali la mteja limekaribia kujibiwa. Na mashine inayosahau saa pamoja na mpangilio wa kuwashia kila umeme unapokatika inataka betri mpya ya CR2032 kabla ya kingine chochote.

Andika kwenye karatasi kila mpangilio wa BIOS unaougusa na ulivyokuwa mwanzo. Kabla ya kumkabidhi mteja mashine yake, rudisha SATA kwenye hali yake ya awali na uwashe Secure Boot, kisha uizime mashine na kuiwasha tena mbele yake mpaka Windows ifunguke.