Usinicheke Nikivaa Sweta Dodoma Mwezi wa Saba

Jumapili nimepokea ujumbe wa binti kutoka Mpwapwa. Amepata ufadhili wa kusoma Harbin, kaskazini mashariki mwa China, anaondoka mwezi wa tisa. Ameandika: “Dada, nasikia baridi ya huko inaua. Mimi hata hii ya Dodoma inanishinda. Nitaweza kweli?”

Mnaoniuliza swali hili ni wengi, na najua mna hamu ileile niliyokuwa nayo mimi ya kutoka na kurudi na cheti. Kwa hiyo najibu hapa. Utaweza, mdogo wangu. Na usishangae ukirudi nyumbani ukaona Dodoma ndiyo inayokutetemesha.

Mimi niliporudi kutoka kusoma hukohuko Harbin ilikuwa katikati ya kipupwe. Nikavaa sweta na soksi ndani ya nyumba, ndugu zangu wakacheka, na mpaka leo wapo wanaoniita Mchina wa mchongo. Walisema mtu aliyeishi kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri hawezi kuhangaishwa na nyuzi 14, basi stori zangu zote za barafu ni uongo. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeteseka kweli.

Wakala aliyetushughulikia safari alituambia baridi ya kule ni kama ya Njombe, tubebe jaketi tu. Tukabeba jaketi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja nikatoka hosteli kwenda darasani na jaketi la mtumba nililolinunua Sabasaba, chini nimevaa raba za kitambaa. Nilipovuta pumzi tu, nywele za ndani ya pua zikaganda, zikaanza kuchoma. Upepo ukanitoa machozi, nayo yakashika kwenye kope. Nikatoa simu nipige picha niwatumie nyumbani, ikazima na chaji ilikuwepo, kwa sababu betri ikipoa sana inashindwa kutoa umeme. Hadi nafika darasani vidole vya miguu vilishakufa ganzi. Kilio kilinijia baadaye, vilipoanza kupata joto, damu inarudi. Yule wakala sijamsamehe.

Kuna siku nilifua khanga nikaianika nje kwa mazoea ya nyumbani. Niliporudi kuichukua ilikuwa imeganda na kukakamaa kama ubao, naishika pembe moja na yote inanyanyuka. Nikaiacha. Baada ya siku kadhaa ikawa laini na kavu kabisa, bila tone kudondoka, kwa kuwa kwenye baridi kavu ya namna ile barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Mto Songhua unaopita mjini nao unaganda hadi watu wanatembea juu yake, na wanakata matofali ya barafu humo kujengea majumba ya maonyesho.

Lakini sikilizeni jambo ambalo ndugu zangu hawakulielewa. Nje kulikuwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, ndani nilikuwa nakaa na fulana. Harbin serikali inapitisha maji ya moto kwenye mabomba ya majengo, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne. Chumbani joto linapita nyuzi 20. Baridi kali nilikutana nayo kwa dakika chache tu, kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, nikiwa nimejifunga kila mahali. Niliishi chumba kimoja na msichana wa Hunan, kusini ya China, ambako huduma hiyo ya mabomba haifiki. Alikuwa akisema kwao ndiko kwenye baridi, eti anapenda kukaa Harbin wakati wa barafu. Mwanzoni nilidhani anatania. Kwao nje ni nyuzi 5, na ndani ni hizohizo 5, mtu anakula, anasoma na kulala humo.

Sasa ije Dodoma. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita mpaka wa nane anga ni kavu, mawingu ya usiku machache, joto lote la mchana linapaa. Alfajiri tunaamkia nyuzi 13 au 14, na upepo wa kusini mashariki haupumziki. Upepo ndio unaoumiza, kwa sababu unapeperusha ile hewa ya uvuguvugu inayoshikamana na ngozi. Waulize bodaboda wa Nkuhungu kwa nini wanapachika boksi kifuani ndani ya koti. Waulize wanafunzi wa UDOM kule juu kilimani.

Na nyumba zetu mpya hazitusaidii. Sakafu vigae, juu bati, madirisha makubwa. Bibi yangu alilala kwenye tembe kule Bahi, kuta za udongo nene na paa la udongo, na usiku udongo huo unarudisha joto uliolishika mchana. Nililala humo nikiwa mtoto, shuka moja lilitosha. Wagogo walijua kujenga kwa ajili ya upepo huu, sisi tumeona tembe ni umaskini tukaikimbia. Hilo nalisema kwa uchungu.

Binti yangu wa Mpwapwa, usinunue koti hapa. Hela ya koti iweke, utanunua kulekule, ya hapa hayafai kwa kazi hiyo. Toka na nguo za ndani za kubana, lakini si za pamba, kwa sababu pamba ikinywa jasho inabaki na majimaji na kukupoza. Sufu ni bora. Viatu vizidi saizi yako kwa namba moja ili soksi nzito iingie bila kubana. Kidole kikipauka na kufa ganzi usikisugue wala usikipeleke kwenye moto, kitie kwenye maji ya uvuguvugu. Pombe watakwambia inapasha mwili. Inaleta damu kwenye ngozi, unahisi moto, huku joto la ndani linakimbia. Usikubali. Vaa, jifunike, vaa tena.

Nanyi mnaobaki Dodoma, acheni kuambiana “hii si baridi”. Mtoto wa jirani akitetemeka anatetemeka, kipimajoto kiseme kitakavyo. Mvalisheni kofia na soksi, mpakeni mafuta ya mgando midomoni na miguuni kabla ngozi haijapasuka. Ila jiko la mkaa msilale nalo chumbani, nawasihi kabisa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kila kipupwe tunasikia watu hawakuamka. Kupika kukiisha, jiko litoke nje hata kama bado lina makaa mekundu. Mtu akilalamika kichwa na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko, usimwambie alale apumzike. Mtoe nje kwenye hewa, fungua milango yote, mkimbize hospitali usiku huohuo.