Bahari Ikae Kwenye Mkato

Wewe unayeanza kubuni mavazi ya sanaa hapa Kisumu, usikimbilie makombe ya baharini. Wengi wanaotaka gauni linaloiga bahari huanza kwa kushonea simbi kifuani, na gauni linabaki lilelile la kawaida, zito zaidi tu. Chagua jambo moja ambalo bahari hufanya, yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini kama mwavuli, anavyojikunja na kujikunjua kwa mfano, kisha tafuta kitambaa kinachoweza kulifanya mwilini mwa mtu anayetembea.

Mombasa iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa kwa barabara, na ziwa letu halina matumbawe. Hayo yatazame kwenye picha. Mwendo wa maji unao hapahapa Dunga. Kaa ufukweni uchore.

Mkato ninaoupenda kuliko yote ni wa pete. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 5, na kwa kitovu hichohicho jingine la sentimita 15. Kata pete, ipasue mahali pamoja. Ukingo wa ndani una takriban sentimita 31, wa nje 94. Ukinyoosha ule wa ndani na kuushona kwenye mshono, wa nje hukosa pa kwenda, unajikunja wenyewe kuwa mawimbi. Unganisha pete kadhaa upate matumbawe yanayotikisika.

Shifoni, kile kitambaa chepesi chororo, peke yake italegea. Nunua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, uulaze ukingoni, ushone zigizaga juu yake huku ukivuta kitambaa kidogo. Pindo litasimama. Piga pasi kabla ya hatua hiyo, maana nailoni huyeyuka kwa joto kali.

Jaribu kwanza kwa amerikani au shuka kuukuu la soko la Kibuye. Mvalishe mtu, apande ngazi, aketi, ainue mikono. Kwenye hanga nguo zote hupendeza.

Ngozi ya samaki mbuta iliyotengenezwa vizuri ni hazina yetu: vifuko vya magamba hubaki vikionekana, na hakuna mbili zinazofanana. Ila usiichome pini, tundu halizibiki. Tumia vibanio, na sindano ya ngozi.

Bei usiihesabu kwa mita za kitambaa. Andika saa zako, hasa za pindo, ndizo nyingi. Na mteja akitaka gauni lilelile ulilomshonea mwingine, mbunie jipya. Yule wa kwanza alilipia kuwa nalo peke yake.