Muulize Fundi: Shamba la mzee na mitambo ya upepo

SWALI: Shikamoo Fundi. Kwetu Singida vijijini upepo haupumziki. Wamekuja watu kupima, wanataka kukodi sehemu ya shamba la mzee wasimike mitambo ya umeme. Mzee anahofia malisho ya mbuzi. Mimi nataka tukubali, na nifunge kinu changu kidogo juu ya bati. Unashauri nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho cha juu ya bati, acha. Upepo unaopita kwenye mapaa na miti umeshavurugika, na kasi yake ikipungua nusu, nguvu inayobaki ni sehemu moja tu ya nane. Tena kitakutetemeshea kenchi usiku kucha. Nunua sola na betri nzuri.

Mitambo mikubwa ni habari nyingine. Haili mafuta wala haisubiri bwawa lijae, na mguu wake hauchukui eneo kubwa; mbuzi wanaweza kuchungwa hadi chini yake, mkataba ukiruhusu. Upepo ukitulia, maji au gesi hushika zamu kwenye gridi. Hilo mafundi tunalimudu.

Mimi naogopa nyaya na karatasi. Kule Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mitambo 365 ya jumla ya megawati 310 ilikamilika 2017, ikakaa bila kazi hadi Septemba 2018 kwa kuwa laini ya umeme ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Serikali ikatozwa fidia kwa umeme usiomfikia mtu. Mwaka 2021 mahakama ya Meru nayo ikaamua kwamba hati za ardhi ile hazikufuata taratibu. Kinangop, hukohuko Kenya, wananchi walipinga, mradi wa megawati 60 ukafa. (Kwenye mradi wa Kipeto, Kajiado, wapo watu wa kuangalia tumbusi angani: ndege wakikaribia, mtambo unazimwa. Hao nawasifu.)

Kwa nyaya mna nafuu, maana laini ya umeme ya msongo mkubwa ya Iringa hadi Shinyanga inapita Singida. Imebaki karatasi. Waulizeni: kodi inalipwa tangu lini, wakipima au wakianza kuuza umeme? Mtambo utakaa mita ngapi kutoka nyumbani, maana una mvumo, na kivuli cha mapanga hupita dirishani? Ukichakaa, nani atauondoa? Na kwa sasa mzee asisaini zaidi ya ruhusa ya kupima, yenye tarehe ya mwisho. Mipango ya upepo Singida imezungumzwa miaka mingi, msije mkafungiwa shamba kwa ajili ya mlingoti mmoja wa kupimia upepo.