Ukilogauti kazi inakufa? Jaribu tmux

Kaka hapo hujarogwa, ndo Linux ilivyo. Umesema unaingia kompyuta ya mbali kwa ssh toka kwako Chumbageni, unaanzisha kubadili video, unaweka & mwisho wa amri, ukilogauti ukirudi unakuta imekatika. Ile & inaipeleka kazi nyuma tu haiikingi, terminali ikifungwa programu zinapigwa ishara ya HUP (yaani terminali imekatika) na nyingi zinakufa papo hapo. Mi mwenyewe ishanila usiku mzima, naamka nna chai na mkate wa kumimina mkononi, nacheki, video ipo asilimia 4 😭

Weka nohup mbele ya amri, inaifanya isijali hiyo HUP, ila mi napenda tmux, programu inayoshika terminali yako ikiwa hai hata ukiondoka, unaifungua, unaanzisha kazi humohumo, unabonyeza Ctrl+b kisha d unaenda zako, ukirudi unaandika tmux attach unaikuta inatembea.

Ikikatika hata hivyo basi cheki /etc/systemd/logind.conf, pengine KillUserProcesses ipo yes, yaani ukilogauti programu zako zote zinauliwa. Systemd (inayosimamia huduma za Linux) toleo la 230 la 2016 ndo ilifanya iwe yes yenyewe, watu walipiga kelele hao! Hapo mwombe admin akuwekee loginctl enable-linger, ili huduma zako zibaki hata ukilogauti, halafu tmux uianzishe hivi: systemd-run --user --scope tmux