Seva ya Minecraft ya marafiki haikuingizi? Soma kwanza ilichokuandikia

Mpwa wangu yuko Morogoro. Jumamosi usiku, ikigonga saa mbili, simu yake inaingia, na maneno ni yaleyale kwa mwaka wa pili sasa: "Shikamoo mjomba, seva haifunguki." Namuuliza, imeandika nini? Kimya kidogo. Kisha: "Si ile ile ya siku zote."

Ndugu yangu unayeanza, hakuna "ile ile". Hapo ndipo sisi sote tulipopotezea usiku wetu wa mwanzo. Kioo kinaandika jambo fulani, wewe unaona maandishi ya kigeni, unayafunga, unazima ruta, unawasha ruta, mwisho unafuta mchezo wote na kuupakua upya. Bando limekwenda na tatizo liko palepale, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa kwenye mchezo.

Mimi naendesha seva ndogo ya Minecraft, yaani programu inayowakutanisha wachezaji wa mchezo huo, kwenye kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu hapa Tabata. Wachezaji hatuzidi kumi. Mitandao sikuisomea darasani; nimejifunza kwa kukosea, na makosa yenyewe ni haya.

Ujumbe mnaokutana nao sana ni wa aina mbili, na wageni huuchanganya kana kwamba ni mmoja. Wa kwanza ni "Connection refused". Huu, usishangae, ni habari njema. Umefika kwenye nyumba, umepiga hodi, mtu akaitikia kutoka ndani kwamba unayemtafuta hayupo. Yaani kompyuta au ruta ya upande wa pili imefikiwa, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti (mlango wenye namba) uliyoigonga. Seva imezimwa, au imeanguka yenyewe, au umekosea namba ya poti. Minecraft ya Java, ile ya kompyuta, husikiliza 25565 usipoibadilisha. Kama mwenye seva ameweka nyingine, lazima uiandike baada ya anwani, na nukta mbili katikati.

Wa pili ni "Connection timed out". Hapa umepiga hodi mpaka vidole vikauma, na hakuna hata mbwa aliyebweka. Ombi lako limepotelea njiani: fayawoli, yaani mlinzi anayechuja maombi ya mtandao, imelimeza, au ruta haikujua ilipeleke wapi, au anwani ni ya jana. Huu ndio unaokula usiku wa watu. Kuna na "Unknown host", lakini huo ni mwepesi: jina la seva limekosewa herufi, au kompyuta yako haina intaneti kabisa. Linakili upya, hakikisha hakuna nafasi wala nukta iliyodandia mwishoni kutoka WhatsApp, endelea na safari.

Ukishajua umeandikiwa kipi, pima kuanzia ndani kwenda nje. Utaratibu huu nilipoupata nilijiuliza mbona sikuambiwa mapema. Kaa kwenye kompyuta ileile yenye seva, fungua mchezo, andika localhost (maana yake kompyuta hii hii) kama anwani. Ikikataa hapo, usiguse ruta, usimpigie mtu simu. Shida ni seva yenyewe. Fungua dirisha lake uone kama imefika neno "Done". Mara nyingi utakuta faili la eula.txt, la kukubali masharti ya mchezo, bado limeandikwa false, au Java uliyonayo, programu inayoiendesha seva, ni ya zamani: Minecraft 1.18 inataka Java 17, na 1.20.5 inataka Java 21.

Ikikubali, nenda kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai ileile, tumia anwani ya ndani ya kompyuta yenye seva, kwa mfano 192.168.1.5. Ikigoma hapa ilhali localhost ilikubali, kamata fayawoli. Hapa nikae kidogo, maana pana mtego. Mara ya kwanza unapowasha seva, Windows hukuuliza kama Java iruhusiwe kutumia mtandao. Wengi wetu, kwa haraka ya kutaka kucheza, tunabonyeza Cancel. Windows nayo haisahau: inaandika kanuni ya kuzuia. Baadaye unasoma mahali kwamba uongeze kanuni ya kuruhusu, unaongeza, bado inakataa, unaanza kuhisi umerogwa. Hujarogwa. Kwenye fayawoli ya Windows kanuni ya kuzuia ina nguvu kuliko ya kuruhusu. Ingia kwenye orodha ya kanuni za kuingilia (Inbound Rules), tafuta Java zote, na zile zenye alama nyekundu uzifute kwanza. Mimi nilikuta tatu, kila moja ya Java ya toleo lake, mabaki ya miezi ya kubonyeza bila kusoma.

Ili usibahatishe, kwenye kompyuta nyingine fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike Test-NetConnection 192.168.1.5 -Port 25565, ukiweka anwani ya seva yako. Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Ukisema True, njia ni wazi. Usitegemee ping peke yake: inakwambia tu kompyuta ipo, haikwambii poti imefunguliwa, na kompyuta nyingi za Windows hukataa ping hata zikiwa nzima kabisa.

Jaribio la tatu ni la nje, na lifanye kwa kompyuta inayochota intaneti kwenye bando la simu, simu yenyewe ikiwa imezimwa waifai ya nyumbani. Au mwombe mtu wa mbali. Usijaribu anwani yako ya nje ukiwa ndani ya nyumba yako, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kutoa ombi nje na kulirudisha ndani kupitia mlango uleule. Nimeshamwona jamaa akihangaika hadi saa nane za usiku na seva ambayo wenzake wa Dodoma walikuwa wanaichezea muda wote. Yeye tu ndiye aliyekuwa haingii, akidhani wanamtania.

Na tafadhali, 192.168 usimpe mtu wa mbali. Namba hiyo ni ya ndani ya nyumba yako tu. Ni sawa na kumwambia mgeni anayeshuka stendi ya Magufuli kutoka mkoani kwamba unakaa chumba cha pili kushoto.

Kwa wa nje, ruta inabidi uielekeze: ombi lolote la poti 25565 lipelekwe kwenye kompyuta ya seva. Ukifanya hivyo, iwekee kompyuta hiyo anwani ya kudumu humo humo kwenye ruta. Usipoiwekea, umeme utakatika, vitu vitawaka kwa mpangilio mwingine, na maombi ya wachezaji yataanza kwenda kwenye televisheni ya sebuleni. Kwangu ilitokea.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya yote haya. Localhost, sawa. Waifai ya ndani, sawa. Ruta nimeielekeza, nimehakiki mara nne. Mpwa Morogoro: timed out. Nikazima fayawoli yote (usinifuate katika hili), bado. Nikanunua ruta nyingine. Bado! Ilikuwa kama saa tisa usiku, nimejiegemeza ukutani, macho yakaangukia ukurasa wa hali ya ruta, pale panapoonyesha anwani iliyopewa na kampuni ya intaneti. Ilianza na 100.72. Nikafungua kwenye simu, kwa waifai ileile, tovuti inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo duniani. Ilianza na 41. Anwani mbili kwa laini moja.

Maana yake ni kwamba mbele ya ruta yangu kulikuwa na ruta nyingine kubwa, ya kampuni, ambayo wateja wengi tulikuwa tunatokea kwa anwani yake moja. Anwani za mtandao za aina ya zamani, IPv4, ni chache, kwa hiyo kampuni huzigawa hivyo; zile za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Kwenye laini za simu ndiyo kawaida. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa chumba wakati geti la uani lina kufuli, na funguo si zangu. Hakuna mpangilio wowote wa ruta yako utakaolifungua geti hilo, hata ukinunua ruta ya milioni.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote cha ruta, linganisha anwani hizo mbili. Dakika mbili tu. Zikifanana, endelea. Zikitofautiana, achana na ruta, una njia nyingine. Unaweza kuiomba kampuni ikupe anwani yako peke yako. Wengine hutoa kwa malipo ya mwezi, hasa kwa wateja wa ofisi. Au mtumie mtandao wa faragha kama Tailscale au ZeroTier: kila mchezaji anaweka programu, mnajiunga kundi moja, na kompyuta zinaonana kana kwamba ziko chumba kimoja. Sisi tunatumia huu na sijutii. Angalizo dogo: Tailscale nayo inagawa anwani zinazoanza na 100, usije ukadhani umerudi gerezani. Playit, huduma inayowapitisha wachezaji kwenye anwani yake hadi kwenye seva yako, inafaa kama wenzako ni wavivu wa kuweka programu, maana inawekwa upande wa seva tu. Ya mwisho ni kukodi seva. Mkiwa wengi na mna uwezo wa kuchanga, kodini.

Mambo madogo nayapita haraka. Kama ujumbe unasema toleo lako ni la zamani, au la seva ni la zamani, chagua toleo linalolingana kwenye kizinduzi (launcher). Mtandao wako hauna kosa. Mkitumia modi, yaani nyongeza za mchezo, mwenye seva atume folda yake nzima, na si majina ya kukumbuka kichwani. Ukiambiwa "You are not white-listed", yaani jina lako halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, mwandikie mwenye seva jina lako kwa kulinakili, kwa sababu tofauti ya herufi O na sifuri imewahi kumweka dogo mmoja nje wiki nzima. Anayecheza kwa simu ana Bedrock, Minecraft ya aina nyingine, haingii kwenye seva ya Java mpaka mwenye seva aweke programu-jalizi ya Geyser, na poti yake ni 19132 ya UDP, njia ya kutuma data tofauti na TCP inayotumiwa na Java. Ukifungua TCP pekee, kwake ni bure.

"Invalid session" ni akaunti: funga mchezo na kizinduzi, ingia upya. Hapa kuna ushauri mbaya unaozunguka, kwamba uandike online-mode=false kwenye server.properties na shida itakwisha. Ni kweli, ujumbe utaondoka. Utakuwa pia umemfukuza mlinzi. Seva haitahakiki tena kama anayejiita fulani ndiye kweli, na mtu yeyote mwenye anwani anaweza kuingia kwa jina lako wewe mwenye mamlaka yote. Nilifanya hivyo wikendi moja. Jumatatu tulikuta kijiji kimekuwa shimo lenye lava, na kumbukumbu za seva zinasema aliyefanya ni mimi. Wenzangu walichukua muda kuniamini.

Kukatika katikati ya mchezo ni ugonjwa tofauti na kushindwa kuingia. Seva hutuma kijisalamu kila mara, na usipoitikia kwa muda inakutoa. Kwa hiyo angalia ni nani anayetolewa. Akitolewa mmoja, shida iko kwake: simu imerukia mnara mwingine, bando limeisha, au waifai inapita kuta tatu. Mkitolewa wote kwa mpigo, tazama dirisha la seva. Ukiona "Can't keep up!" basi kompyuta imelemewa, mchezo unataka hatua 20 kila sekunde, milisekunde 50 kwa kila moja, na mashine haifiki. Punguza umbali wa kuona, punguza mashamba ya kuku. Siyo utani: dogo mmoja alikuwa na kuku wengi kiasi kwamba sote tulikuwa tunatembea kama tuko majini.

Na mara chache sana, kosa si la yeyote kati yenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Wenye seva za kukodi Ulaya walikwama. Sisi wa nyumba moja tulicheza kwa waifai ya ndani mpaka tukachoka, maana 192.168 haipiti baharini.

Ukifika mahali pa kuomba msaada, tuma picha ya kioo chenye ujumbe wote, toleo la mchezo, uko kwenye waifai au bando, na jaribio gani kati ya yale matatu limekwama. Mtu anayeandika "haifanyi kazi, msaada" huwa namjibu kesho yake.

Mpwa wangu ameshaanza kuelewa. Jumamosi iliyopita alituma picha badala ya kupiga: "Connection refused", toleo limetajwa, waifai imetajwa, hata Test-NetConnection alishaifanya, imesema False. Nikaisoma kwa fahari ya mwalimu, nikainama chini ya meza.

Kompyuta ilikuwa inawaka. Seva nilikuwa sijaiwasha.