Mafuta ya breki kubadilishwa hata kama kopo bado limejaa

Umeuliza kama fundi wako yuko sawa kutaka mafuta ya breki yabadilishwe wakati kopo lake bado limejaa. Ndiyo, yuko sawa, yabadilishwe. Kujaa si hoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hapa Malindi unyevu ndio usiseme. DOT 3 (aina ya kawaida ya mafuta ya breki) mpya huanza kuchemka nyuzi joto 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishalewa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140 hivi. Ukikanyaga breki mfululizo gari likiwa na mzigo, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, pedali inazama. Sisi gereji huwaambia wateja kila miaka 2. Fundi atoe mafuta ya zamani na upepo kwenye paipu za breki za magurudumu yote manne, sio kuongezea juu tu. Ila pedali ikishuka polepole gari likiwa limesimama, hapo kagua masta silinda (pampu kuu ya breki) kwanza.