Ukifika Colchester, fuata tofali jekundu

Wageni wengi wanaokwenda Colchester, mashariki mwa Uingereza, hukimbilia ngomeni, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi ninaowatembeza huwaanzishia magharibi, penye Balkerne Gate, lango kubwa kuliko yote ya Kirumi yaliyosalia Uingereza. Hakuna kiingilio. Sogea karibu na ukuta uutazame: mawe, kisha mistari ya matofali mekundu, mapana na membamba. Yakariri matofali hayo, kwani utakutana nayo mji mzima.

Ukuta huu umetokana na msiba. Kaisari Claudius alifika hapa mwenyewe mwaka 43, na baadaye mji ukawa makazi ya askari wastaafu walionyang'anya wenyeji ardhi. Mwaka 60 au 61 Malkia Boudica, kiongozi wa wenyeji walioasi Warumi, akauteketeza. Watu walijifungia ndani ya hekalu la Claudius, wakastahimili siku mbili tu. Hadi leo mafundi wakichimba misingi katikati ya mji hukuta tabaka la udongo ulioungua kwa moto ule. Baada ya maafa hayo ndipo Warumi walipouzungushia mji ukuta, karibu kilomita 3.

Sasa nenda ngomeni. Wanormani, watu waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, waliijenga kuanzia miaka ya 1070 kwa kuokota matofali ya Kirumi, juu ya msingi wa hekalu lilelile, ndiyo maana ikawa pana kupita kiasi. Ndani kuna makumbusho, lakini usitoke kabla ya kulipia ziara ya kuongozwa inayoshuka chini kabisa. Hapo utauona msingi wa hekalu, na habari za Boudica zitakuingia moyoni kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Kanisa la Holy Trinity watu hulipita bila kugeuka, na huniuma. Mnara wake ni wa Wasaksoni, waliotawala kabla ya Wanormani, umejengwa kwa matofali hayohayo, na mlango wake una kilele cha pembetatu. Upe muda.

Malizia St Botolph's, magofu ya nyumba ya watawa wa Augustino. Matao yake ni mekundu matupu. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1648, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge, wakati jeshi la Bunge lilipouzingira mji kwa wiki 11 hadi njaa ikawashinda wafuasi wa mfalme. Hapo pia huingii kwa tiketi, na kituo cha treni cha Colchester Town kiko jirani.